Kipimo cha Fahira

Mwanamke kwenye picha alikuwa amesimama mahali pazuri kabisa. Ndiyo maana Refik aliiacha karatasi ndani ya trei ya dawa ya kusafishia picha mpaka ikapitiliza na kuwa nyeusi pembeni. Siku aliyoipiga, pale mtaa wa Bistrik, hakukuwa na mwanamke.

Alikuwa bafuni kwake, mlango umefungwa, taa nyekundu inawaka juu ya sinki. Picha ilikuwa ya kinu cha maji kilichoungua zamani, pale kijito kinapopita chini ya njia ya mawe. Alikuwa amekipiga picha wakati wa magharibi, peke yake. Sasa chini ya upenu palisimama mtu mwenye koti refu, mikono imeshuka, mgongo kwa kamera, uso karibu ugusane na ukuta.

Refik aliitundika picha kwenye kamba. Alinawa mikono, akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, na taratibu akakumbuka alichokifanya.

Kwa muda wote wa ndoa yao, yeye na Fahira waliuzunguka mji wa Sarajevo kwa miguu, mtaa baada ya mtaa. Refik alifundisha historia ya majengo chuo kikuu, na kila ukuta alioupiga picha alitaka mtu asimame chini yake, ili mtazamaji ajue kama anaona ngome au banda la kuku. Mtu huyo alikuwa Fahira.

"Mimi ni mke au ni rula?" Fahira alikuwa akiuliza.

"Rula yenye mdomo. Kushoto kidogo."

"Siku nikifa utasimamisha nini? Ufagio?"

"Ufagio hautanigombeza. Tulia hapo."

Alifariki majira ya kuchipua, wakamzika makaburini Alifakovac, kwenye mteremko unaoutazama mji. Refik aliendelea kutembea na kamera kwa sababu hakujua namna ya kukaa nyumbani. Jioni ile pale kwenye kinu alisimamisha miguu mitatu ya kamera, akainama kwenye lenzi, na mdomo wake ukasema wenyewe, kwa mazoea: "Kushoto kidogo. Hapo hapo. Tulia." Alipomaliza alimwaga kahawa ya moto iliyobaki kwenye chupa, chini ya upenu, juu ya majivu na takataka. Fahira asingekubali. Yeye hakumwaga kitu cha moto saa ya magharibi bila bismillahi, wala hakukanyaga chini ya upenu wa nyumba iliyokufa, na Refik alikuwa akimcheka mbele ya wageni kwa hofu hiyo ya majini.

Kesho yake alirudi barabarani. Alipiga picha chemchemi ya Vratnik, akapiga na ngazi za Kovači. Mwanamke alikuwepo kote, daima amegeuza mgongo, daima mahali panapofaa.

Majira ya baridi yaliingia na moshi wa makaa ukalala juu ya mji kama blanketi bovu. Magoti yalimuuma, lakini alitoka kila siku. Mbele ya tanuri la mikate alikaa jirani yake Hamdija, mstaafu wa reli, kikombe mkononi.

"Profesa! Mji huu hata njiwa wameshauchoka. Unatafuta nini?"

"Mwanga."

"Mwanga, kwenye moshi huu? Mimi hata mke wangu simwoni, na namshukuru Mungu." Hamdija alicheka, kisha akashusha sauti. "Sikia, bwana. Sikulaumu. Mwanamume si mti, hawezi kusimama peke yake. Lakini mwambie huyo mama unayetembea naye awe anasalimia watu. Anapita hapa ameinamisha kichwa kama tumemkosea."

Refik alimtazama. Kisha akasema, "Nitamwambia," akaenda zake, akisikia juu ya mawe ya njia viatu vyake mwenyewe, na nyuma yake vingine, vilivyosimama kila aliposimama, ila vilichelewa kidogo.

Jioni ile alichukua kioo cha kukuzia. Ukuta wa chemchemi ya Vratnik aliwahi kuupima yeye mwenyewe, jiwe kwa jiwe, na alikuwa na picha ya zamani ya Fahira pale pale. Utosi wa Fahira uliishia safu ya tano ya mawe. Wa huyu ulifika ya sita. Kwenye picha ya Kovači, iliyopigwa baadaye, ulipita kizingiti cha juu cha mlango.

Basi alijua si Fahira, na baada ya kujua aliweka filamu nyingine kwenye kamera. Kiumbe kile kilikuwa kimevaa koti la Fahira, kilikuwa na kitana chake nyuma ya kichwa, na nyumba ilikuwa na vyumba vitatu visivyo na mtu.

Amra, binti yao, mfamasia, alikuja Jumapili na pai ya viazi iliyofungwa kwa taulo. Alisimama mlangoni bila kuvua koti.

"Baba, umechoma nini?"

"Sijachoma kitu."

"Kuna harufu ya mkaa uliomwagiwa maji. Mpaka kwenye mapazia." Aliingia, akaweka pai mezani, akaona picha kwenye kamba. Alizitazama moja moja, kisha akaiendea rafu na kuteremsha albamu, kama mtu anayetaka kuthibitisha jambo analoliogopa.

"Baba. Njoo hapa."

"Nini?"

"Hii ya Vratnik. Mama alikuwa anacheka. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyemchekesha. Kwa nini ametazama ukuta?"

Refik alivaa miwani. Ndiyo picha aliyoipima wiki iliyopita, na wakati huo Fahira alikuwa akicheka. Walifungua ukurasa unaofuata, na unaofuata, wakateremsha albamu ya pili na ya tatu, wakikaa chini sakafuni kati ya vumbi na karatasi, na katika kila picha, kwenye daraja, kwenye ua wa msikiti, chini ya ngome, penye theluji na penye maua ya cheri, mwanamke aliyekuwa ameutazama ulimwengu kwa miaka mingi, sasa alikuwa ameupa mgongo, na katika picha zile za zamani kabisa, alipokuwa bado msichana wa kiuno chembamba, mabega yake yalikuwa yamepanda juu ya madirisha ambayo msichana yule asingeyafikia hata kwa kurukaruka.

Moja tu ilikuwa salama. Fahira, pale Jekovac, amechukizwa, mdomo umejaa cheri, yuko tayari kumtemea mpiga picha kokwa.

"Kila nikipiga mpya," Refik alisema polepole, "kinachukua ya zamani."

"Na ulijua?"

"Nilijua si yeye. Hili la albamu sikulijua."

"Ulijua si yeye, ukaendelea?"

Amra aliichomoa picha ya Jekovac, akaitia kifuani ndani ya blauzi, akamshika baba yake mkono kama mtoto wa shule.

Bi Zumra alikaa juu kabisa mtaani Vratnik, na kazi yake ilikuwa kuyeyusha madini ya risasi na kuwatoa watu hofu. Alimkalisha Refik kwenye kigoda, akamfunika kitambaa chekundu, akasoma, akaimwaga risasi ya moto kwenye bakuli la maji juu ya kichwa chake. Ililia mara moja. Akachungulia.

"Mwanangu, hebu ona," alimwambia Amra. Risasi ya mtu aliyeogopa hutoka na miiba. Hii ilikuwa laini, ya duara, kama kifungo. "Nimeifanya kazi hii tangu nina meno yangu. Leo nimeletewa mtu aliyekaliwa na jini, na hana hofu hata chembe. Profesa, wewe unaogopa nini?"

"Nimechoka tu, Bi Zumra."

"Uchovu nenda kwa daktari. Mimi natoa hofu, na wewe huna nitakayoitoa." Alimwondolea kitambaa. "Kimekaa kwa ruhusa. Umekitengea nafasi kwa kauli yako mwenyewe. Mgeni wa kukaribishwa hafukuzwi na jirani, anafukuzwa na mwenye nyumba."

"Na asipomfukuza?" Amra aliuliza kwa kunong'ona.

"Kitaijaza nafasi yote. Kikimaliza picha, kitakuja vichwani mwenu. Sauti ya mama yako unaikumbuka?"

"Jana niliikumbuka," Amra alisema.

Refik alijaribu. Mimi ni mke au ni rula. Maneno yalikuwepo yote, kwa mpangilio wake, ila yalisomeka kama maandishi ubaoni. Hayakuwa na sauti ya mtu. Hapo ndipo alipokikamata kigoda kwa mikono yote miwili.

"Sasa," alisema Bi Zumra, "sasa umeanza kuogopa. Nenda ukiwa hivyo hivyo. Na usikubali kukiona uso, maana uso ukishaupokea, huo ndio utakaobaki nao."

Walifika kwenye kinu jua likiwa linazama nyuma ya moshi, theluji imegeuka tope. Upenu haukuwa na mtu. Refik alisimamisha kamera, akainama, na kwenye lenzi kilikuwepo: utosi umegusa boriti, shingo imepinda kwa kukosa nafasi, koti la Fahira limeishia magotini. Harufu ya makaa yaliyolowa ilimjaa kooni. Kijito hakikusikika tena.

"Refik," kilisema, na ilikuwa sauti ya Fahira, ile ile aliyoitafuta kichwani na kuikosa, yenye ukwaruzo wa asubuhi na kicheko kilichofichwa chini yake. "Hapa sawa? Nimechoka kutazama ukuta. Nigeuke?"

"Baba," Amra alinong'ona. "Baba, ondoa jicho."

Kichwa kilianza kugeuka, taratibu, kwa heshima kama ya mtu anayempa mwenzake muda wa kujiandaa, na Refik aliliona sikio lake, na kidoti chini ya sikio, na mwanzo wa shavu, na akafahamu kwamba angeweza kubaki ameinama hivyo, kwamba hakuna ambaye angemlaumu mzee aliyetaka kumwona mkewe mara moja, kwamba magoti yake yalikuwa yameutembea mji mzima kwa ajili ya shavu hili, na kwamba akilipokea, basi Fahira wa miaka ile, mwenye cheri mdomoni, hatakuwa amewahi kuishi.

Aliifunika lenzi kwa kiganja.

"Bismillahi," alisema. "Wewe si mke wangu. Mke wangu nilimshusha kaburini kwa mikono yangu hii. Nafasi niliyokupa haikuwa yangu kuitoa. Toka."

"Refik, nina baridi."

"Toka."

Ilichukua muda. Kisha kijito kikaanza kusikika, na Amra akaanza kulia.

Nyumbani harufu ilikuwa imekwisha. Albamu walizifungua zote tena, na migongo haikuwa imegeuka, wala haitageuka. Amra aliitoa picha ya Jekovac kifuani, ikiwa na joto lake, akaiweka chini ya taa. Fahira aliwatazama, amekasirika, mashavu yamevimba.

"Ni yeye," Amra alisema. Akangoja. "Au siye?" Alikwenda kwenye meza ya kazi, akarudi na rula na kioo cha kukuzia. "Ukuta wa Jekovac uliupima mwenyewe. Pima, baba. Tujue, tulale."

Refik aliishika rula. Aliihesabu safu ya kwanza ya mawe kwa macho, na ya pili, kisha akayainua macho kabla hayajafika begani.

"Chukua," alisema, akamrudishia rula. "Nenda nayo kwako. Na kioo pia."

"Baba, kama siye?"

"Sina mwingine," alisema Refik, akazima taa ya mezani.