Feni Ilinyamaza Jumatatu

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi, mchoraji wa katuni alifungua laptopu yake pale sebuleni akashika kichwa. Filamu yake, ambayo mashine ilikuwa ikiitoa kwa kusuasua wiki nzima, haikuwa imefika hata nusu. Mteja aliitaka yote kesho yake adhuhuri. Ikichelewa, kazi anapewa mwingine. Na tangu mumewe apunguzwe kazini, nyumba nzima ilikuwa ikila kwa laptopu hiyo.

Akamwita fundi wanayemwita Polepole, mwanamke asiyefungua mashine kabla hajaihoji. Kumtazama akifanya kazi ni raha tupu.

"Kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha za filamu, imelala," alisema, macho kwenye skrini. "Ilitakiwa kupiga kasi ya megahezi elfu moja mia tano. Inapiga mia tatu, na haitoki hapo."

Akapitisha kiganja chini ya laptopu. Haikuwa na joto hata kidogo, kwa hiyo vumbi na joto havikuwa na kesi ya kujibu. Akamgeukia mume.

"Umegusa nini, kaka?"

"Niliweka programu mpya ya kadi Jumapili," mume alisema, jasho likimtoka. "Nilitaka kumsaidia."

Mkewe alimkata jicho. Polepole akairudisha programu ya zamani, akawasha, akangoja. Mia tatu ileile.

"Kaka, uko huru."

Kisha akatega sikio. Mama mkwe wa mchoraji alikuwa akikunja nepi kando ya mjukuu wake, aliyekuwa akikoroma bila habari na mtu.

"Feni ya mashine hii huwa inanguruma?"

"Kama jenereta," mchoraji alijibu. "Ilinyamaza Jumatatu. Nikashukuru."

"Na mtoto, mama, ameanza lini kulala mchana?"

"Jumatatu hiyohiyo!" bibi alijibu kwa fahari, kisha akauma ulimi.

Polepole alipiga magoti, akaufuata waya hadi nyuma ya kochi. Chaja iliyokuwa huko ilikuwa ndogo, ya wati sitini na tano, ya laptopu kuukuu ya mume. Ncha yake inafanana na ya chaja kubwa ya laptopu hii, na mezani huonekana ncha tu. Laptopu hii inataka wati mia mbili na thelathini; ikipunjwa umeme, huitia kadi breki isije ikazimika.

"Kubwa iko wapi, mama?"

Bibi aliingiza mkono chini ya nepi, akaitoa.

"Hii ilikuwa moto mno, nikachomeka ndogo. Kelele zikaisha, mtoto akalala. Nikajua ndogo ndiyo dawa."

Polepole alicheka kwa furaha ya kweli. "Umenishinda, mama. Umeipunguzia kadi mwendo bila kuigusa."

"Si ungeniambia tu, mama!" mchoraji alisema.

"Nikwambie uache kazi inayotulisha? Hujalala tangu ujifungue, mwanangu. Mtoto akilala, nawe unasinzia hapo mezani. Nilikuwa nawalaza wote wawili."

Mchoraji alichomoa chaja ndogo. Akachomeka chaja kubwa. Namba ikaruka hadi elfu moja mia tano, feni ikanguruma, mtoto akaangua kilio. Bibi akambeba kwenda naye chumbani kwake.

"Fanya kazi. Ukimaliza, njoo ulale."

Filamu ilimfikia mteja Ijumaa saa tano asubuhi. Nusu saa baadaye mchoraji alikuwa fofofo kitandani kwa mama mkwe wake, mtoto ubavuni, na bibi amesimama mlangoni akimkataza mwanawe kugonga.