Siku Kompyuta za Kliniki Zilipoacha Kuzima

"Ni yeye! Nzisa ndiye aliyeigusa programu!"

Aliyesema hayo, jamani, alikuwa Kisilu... mchumba wangu!

Nyuma yake, kitandani, Bi Mbeyu wa Mwabungo alikuwa amevimba uso, pumzi zinatoka kwa shida. Sista Mwanaima alikuwa akihangaika kumwokoa.

Alikuwa amedungwa penisilini. Mwili wake haupatani na penisilini, na kompyuta yetu ilikuwa na habari hiyo. Lakini asubuhi ile skrini ilisema HANA MZIO!

Ilikuwa mwaka 1998, kwenye kliniki moja ya binafsi Ukunda. Mimi na Kisilu ndio tuliokuwa watu wa kompyuta.

"Nzisa, umefanya nini?" Daktari Fondo akaniuliza.

"Mungu ni shahidi, Daktari, sikugusa kitu!"

"Kusanya vitu vyako."

"Nipe mpaka adhuhuri tu. Asije akaumia mwingine."

Akanitazama... "Mpaka adhuhuri."

Ngojeni niwaeleze. Programu ile ilikuwa na ugonjwa wa siku nyingi. Inafanya kazi vizuri, mara... pap! Inajizima. Ukimwita mtu aje aone, inatulia kama haijawahi kukosea. Kisha Kisilu akasema ameitibu. Kweli, ikaacha kuzima! Daktari akampandisha cheo, na Kisilu akaanza kuzungumzia harusi.

Nikaketi, nikafungua faili la Bi Mbeyu kwenye kompyuta. ANA MZIO. Nikarudia, nikarudia. ANA MZIO!

Asubuhi kulikuwa na nini ambacho sasa hakipo?

Watu! Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Mapokezi wanabonyeza, chumba cha dawa wanabonyeza...

Bi Mbeyu alipoanza kupumua vizuri, nikamwita Sista. "Sista, tafadhali kaa mapokezi. Nikisema sasa, tufungue faili pamoja, kila mara la mgonjwa mwingine."

"Haya, mwanangu."

"Sasa!"

Sawa.

"Sasa!"

Sawa.

"Sasa!"

Jina lilikuwa la Bi Mbeyu. Maelezo chini yake yalikuwa ya mgonjwa niliyemfungulia faili kabla yake!

Shida ilikuwa kwenye maktaba ya kuunganisha, yaani kile kipande cha programu tulichonunua, kinachopeleka maswali kwenye hifadhidata, ghala la taarifa za wagonjwa, na kurudisha majibu. Kompyuta mbili zikiuliza kwa pamoja, mara nyingine kilishindwa na kuanguka.

Lakini kikianguka, programu huzima. Mbona sasa haikuzima?

Nikafungua mistari ya programu.

Kulikuwa na amri moja mpya: hitilafu ikitokea, puuza, endelea. Kwa hiyo jibu lisipofika, skrini inabaki na la mgonjwa aliyetangulia. Na haimwambii mtu!

Kisilu alikuwa amesimama mlangoni.

"Hii ndiyo dawa uliyoitia?"

"Nzisa, zima hiyo. Tutaongea nyumbani."

"Ulijua?"

"Nilijua inaanguka, sikujua itadanganya! Daktari alikuwa amechoka na sisi, angetufukuza sote. Nilitaka tuoane tukiwa na kazi!"

"Na mbona ulininyooshea mimi kidole?"

Akaingia, akanyoosha mkono kuizima kompyuta.

Hakujua kwamba Daktari Fondo alikuwa nyuma yake, na alikuwa amesikia yote.

Niliifuta ile amri. Mashine zikaanza kuzima tena mbele ya wagonjwa, na sikuona aibu. Sista akawa anawauliza wagonjwa kwa mdomo, mpaka nikapata njia ya kuzifanya kompyuta ziulize kwa zamu.

Jioni nikaenda kwa Bi Mbeyu. Uvimbe ulikuwa umeshuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiwe waliyesema umeniua?"

Nililia palepale, mkono wake kichwani mwangu.

Kisilu aliniomba msamaha mbele ya wazazi wangu kule Shimba Hills. Nilimsamehe. Lakini kuolewa naye... hapana!

Wapenzi wasomaji, kitu kikiharibika mbele yako kinakuomba ukitengeneze, usikizibe mdomo. Na mtu anayeficha hitilafu ili aonekane hodari, mwangalieni vizuri. Siku itakapojitokeza, atatafuta wa kumtwika lawama, na ataanza na aliye karibu naye zaidi.