Aliyelitoa Jina la Bishar

"Rage nisimwone kwa harusi yetu!" Bishar alifoka kwenye simu. "Wallahi nilikula na yeye sinia moja, kumbe ananichimbia shimo!"

Ilwad alikuwa ofisini Garissa, simu sikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Una hakika ni Rage?"

"Nani mwingine? Kwa ile kikao tulikuwa watu watatu. Mimi, yeye na wewe. Ama nishuku wewe, mchumba wangu?"

Hapo ndipo angesema. Hakusema. Aliaga haraka, akakata.

Kampuni yao kubwa ya bima ya mifugo ililetewa mtindo mpya wa kazi na makao makuu: mfumo wa malipo utengenezwe kidogo kidogo, wafugaji waujaribu kila wiki mbili, kisha timu ijifungie bila bosi na kuambiana ukweli. Lililosemwa mle lizikwe mle. Ilwad, kiongozi wa timu, ndiye aliyewaapia hivyo. Bishar akaamini, akafungua roho: mfumo aliowaonyesha wafugaji wa Balambala ulikuwa mapambo tu, haulipi hata mtu mmoja. Aliona haya kusema ameshindwa. Akaomba wamsaidie.

Lakini bosi wao, Bwana Khalif, mtindo mpya aliuimba mdomoni tu. Alimbana Ilwad amtajie anayekwamisha kazi, naye akamtaja, akijidanganya kuwa Bishar atapewa msaidizi. Msaidizi gani! Bishar alihamishiwa Bute, mbali kule mpakani, na ofisi nzima ikamcheka.

Mlango ukafunguliwa. Rage akaingia, uso umemshuka.

"Abaayo, Bishar hashiki simu yangu. Ameambia mama yangu mimi ni msaliti. Mama analia tu. Mimi nimefanya nini?"

Ilwad alishindwa kumtazama. Mtoto wa watu amepakwa uchafu wake yeye, na bado anamwita dada!

"Kaa, Rage."

Akampigia Bishar, akafungua sauti ili wote wasikie.

"Bishar, ni mimi. Mimi ndiye nilimwambia Khalif."

Sauti ya Bishar ilishuka.

"Wewe?"

"Nilidhani atakusaidia. Halafu nikaogopa kukupoteza, nikaacha Rage abebe. Ceeb ni yangu, aibu yote ni yangu."

"Sasa hivi nimekuuliza, Ilwad. Ukanyamaza."

"Niliogopa."

Simu ikakatika. Rage aliinuka akatoka, akafunga mlango taratibu, na Ilwad akaona afadhali angemtukana.

Baada ya swala ya alasiri, ujumbe ukaingia:

"Nimeomba Rage msamaha, na mama yake. Wewe pia nimekusamehe, Mungu ni shahidi. Lakini mke ndiye mtu wa kwanza ninayefaa kumwambia nikishindwa. Wewe nitakuambia aje tena? Wazee wetu watakuja kesho kwa baba yako. Harusi haiko."

Ilwad aliandika jibu, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Kisha akampigia baba yake, amwambie yeye mwenyewe kabla wazee hawajafika.