Ujumbe Ambao Pascaline Hakuutuma

— Binti yangu, musijisumbue kupika Jumamosi. Hatuji tena.

Pascaline alikuwa ameinama mchangani anageuza ndagala, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, simu kaibana kati ya sikio na bega. Akasimama wima. Aliyekuwa anasema upande wa pili ni Mama Dorothée, shangazi wa mchumba wake Nathanaël, yule aliyetazamiwa kuongoza wazee wa upande wa mwanaume waje nyumbani kumposa.

— Shangazi, kuna mugonjwa?

— Hakuna mugonjwa. Ulisema mwenyewe. Kwetu hatuvunji mulango ambao muntu ameufunga.

— Nilisema nini?

— Mama, usinifanye mutoto. Bakia salama.

Simu ikakatika. Pascaline akampigia Nathanaël. Imezimwa. Akapiga tena, vilevile. Wanawake wenzake wa ndagala wakamwambia kijana alipanda boti ya Moba kwenda kutengeneza moteri ya mtu, na safari hii hakumtania hata mmoja wao. Nathanaël kuondoka bila utani, hiyo ilikuwa habari mbaya kuliko ile ya shangazi.

Huyo Nathanaël alishuka Kalemie akitoka pande za Fizi, hana ndugu hapa isipokuwa shangazi yake, kazi yake moteri za mitumbwi. Alianza kama mteja wa ndagala. Akawa mteja anayerudi hata siku ambayo ndagala hazipo. Sasa mahari imesemwa, siku imepangwa, na mlango umefungwa na mtu asiyejulikana.

Pascaline si mtu wa kupiga kelele. Alikaa chini, akafungua simu, akatafuta maneno waliyoandikiana na Nathanaël. Hakuna. Yote yamefutwa, hata salamu za Pasaka. Na simu ile ilikuwa na mikono miwili tu ya kuishika: wake, na wa Keren, mdogo wake.

Keren ana miaka kumi na mitano, yuko sekondari. Zamani alikuwa mtoto wa kuiga mahubiri ya padri mpaka baba yao, Papa Firmin, anamwaga chai kwa kucheka. Tangu simu ya dada iingie Facebook, akitoka masomo anaichukua, anakaa nayo nyuma ya nyumba mpaka jua linapoinama. Akaanza kumuuliza dada, ambaye humwita Yaya, maswali ambayo hakuwa nayo. Yaya, pua yangu ni pana? Yaya, kwa nini mimi nikiweka foto watu hawaandiki kitu? Akawa hacheki tena mpaka aone kwanza kama wengine wamecheka.

Lakini juma hili Keren hakuiomba simu hata mara moja. Aliosha sufuria bila kutumwa. Pascaline aliliona hilo tangu mwanzo. Mtoto anayeosha sufuria bila kutumwa ana neno tumboni.

Mchana ule wakakaa wawili uani, wanachambua sombe, majani ya muhogo.

— Keren, simu iko pale. Haina muntu.

— Sina hamu, Yaya.

— Mega za intaneti ziko.

— Nimesema sina hamu.

Pascaline akaendelea na majani yake. Kisha, kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi, akamsimulia simu ya Mama Dorothée, kwamba wazee hawaji na kwamba eti yeye Pascaline alisema. Keren akaacha kuchambua.

— Yaya, utanipiga?

— Nimekupiga lini?

— Basi njo huo ubaya wake. Afadhali ungekuwa unapiga.

Neno likatoka, kipande kwa kipande. Kulikuwa na ukurasa wa Facebook unaoitwa Pima Mapenzi. Unamtumia mpenzi wako ujumbe wa kumwacha, anajibu, unapiga picha jibu lake, unaliweka pale watu wacheke. Wasichana wa darasani walikuwa wanashindana nani ataleta jibu la kuchekesha. Keren hana mpenzi. Wakamwambia yeye ni wa kupiga likes za wenzake tu mpaka azeeke. Akachukua simu ya dada akamwandikia shemeji yake: "Nimepata muntu mwingine. Usinipigie tena. Mambo yetu yameisha."

— Alijibu nini? Pascaline akauliza.

Keren akaichukua simu, akaufungua ukurasa, akampa huku ameangalia pembeni. Pascaline aliishia darasa la sita. Husoma polepole, midomo ikicheza.

"Sawa Pascaline. Nimesoma. Sikukasirikii. Ulinikuta mugeni hapa Kalemie, ukanipa chakula na ukanifanya niitwe muntu wa hapa. Asante kwa yote. Kama huyo ni mwema, akutunze."

Chini yake watu walikuwa wamecheka mpaka mwisho wa ukurasa. Mmoja kaandika: huyu analia na kitambaa mukononi. Mwingine: bwana gani anasema asante akiachwa. Pascaline akarudi juu, akasoma jibu mara ya pili. Machozi yakamtoka, na si kwa sababu ya wale waliocheka.

— Kwa nini hukumwambia palepale kwamba ni mchezo?

— Nilitaka. Naapa nilitaka. Lakini vicheko vikaanza kuingia. Kila nikisema sasa namuandikia, vingine vinaingia. Yaya, hata Viviane wa darasani aliandika jina langu. Viviane hajanisalimia tangu mwaka uanze. Nikasema ngoja kidogo, kidogo tu. Nilipomuandikia alikuwa ameshazima simu. Njo nikafuta yote.

Pascaline akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

— Sema ni wewe, Keren akasihi. Sema ulikuwa unamupima. Anakupenda, atasamehe, na mimi sitajulikana.

— Nikisema hivyo nitaingia kwake na uongo kichwani kama beseni. Na wewe utabaki na hili neno mupaka siku zote. Sitakuvuta, Keren. Kesho asubuhi boti ya Moba inaingia. Mimi nitakuwa pwani.

Asubuhi alijifunga kitenge chake kizuri, akateremka peke yake. Karibu na maji ndipo aliposikia kandambili nyuma yake, zinakimbia, kisha zinatembea, kisha zinakimbia tena. Hakugeuka.

Mama Dorothée alikuwa amekaa juu ya beseni lililofunikwa, anamsubiri mtoto wa kaka yake. Nathanaël akashuka na moteri begani. Alipomwona Pascaline akaitua taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

— Jambo, Mama, akamwambia. Kamwe hakuwahi kumwita hivyo.

Pascaline akapiga goti kwa shangazi, akaeleza kwamba ujumbe ule hakuutuma yeye. Mama Dorothée akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

— Kila binti husema hivyo akishalala na kuamka. Kwetu neno la kukataa haliletewi mujumbe wa kulirudisha. Kinywa kilichosema njo kirudie, mbele ya watu. Kinywa hicho kiko wapi?

Pascaline angeweza kunyoosha kidole. Hakunyoosha.

— Kiko hapa, Mama.

Keren akatoka nyuma ya dada yake, yuko na sare ya masomo, miguu imejaa mchanga.

— Sikusikii, akasema Mama Dorothée. Walipocheka walikuwa wengi. Sema wengi wasikie.

Wanawake wa mabeseni wakageuka. Keren akavuta pumzi, akasema yote kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani: yeye ndiye aliyeandika, dada hakujua, alitaka watu wamcheke shemeji ili wao wampende yeye. Mwishoni sauti ikakatika.

— Njo maana wangu nimemupa simu ya tochi, akasema mmoja wa wenye mabeseni, na pwani nzima ikacheka, hata Keren kidogo, kwenye machozi.

Nathanaël alikuwa anajifuta mafuta mikononi, haishi kujifuta.

— Walicheka sana?

— Ndiyo, shemeji. Nisamehe.

— Mimi pia ningecheka, kama singekuwa mimi. Imekwisha, mudogo wangu.

Kisha Pascaline akamgeukia yeye.

— Na wewe. Kwa nini uliamini upesi hivyo? Si ungekuja uniulize?

Nathanaël akasema hata yeye anaona kwenye simu vijana waliosimama kando ya magari, mashati meupe, mikono misafi. Kila siku anawaona. Siku ujumbe ulipoingia alijitazama mikono yake, akasema basi, na Pascaline amewaona.

— Mikono hiyo njo naijua mimi, Pascaline akasema. Nimelisoma jibu lako. Nilikuwa najua unanipenda, lakini sikujua kiasi. Muntu unamukata, na bado anakushukuru. Sasa mimi njo nasema asante. Mbele ya shangazi yako na hawa wote.

Mama Dorothée akainuka, akakung'uta kitenge.

— Mutoto amerudisha neno lake, mulango umefunguka. Binti, rudi upike.

Keren aliliondoa jibu lile, akaandika ukweli kwa jina lake mwenyewe kwenye kundi la darasa. Viviane akamtoa kwenye kundi jioni hiyohiyo. Alilia sana siku hiyo, akala kidogo. Siku ya pili akala vizuri, na kabla ya juma kwisha Papa Firmin alimwaga chai tena.

Jumamosi ua ukawa umejaa watu. Keren akainua simu apige foto, akaishusha, akamwendea Nathanaël na kumnong'oneza kama anaruhusu. Akajibiwa apige, ila pua ya shemeji yake ni pana, apige kwa mbali.

Vitu vya mahari vikapangwa mkekani. Papa Firmin akamwita binti yake katikati, akamuuliza kama anawajua wageni hawa, kama apokee.

— Ninawajua, Papa. Lakini kwanza ninamushukuru mudogo wangu. Kusema kosa lako mbele ya mabeseni ya pwani ya Kataki si kazi ndogo. Bila yeye, leo watu hawa wasingekuwa hapa.

Papa Firmin akatazama huku na huku. Habari za pwani humfikia mwisho, na hii haikuwa imemfikia kabisa.

— Kosa gani?

Keren akajificha nyuma ya simu. Mama Dorothée akakohoa.

— Papa, wewe pokea kwanza. Mengine tutakuambia mujukuu akizaliwa.