Dume la Anyitike

Kila asubuhi Ikupa alifagia kanisa la zamani. Hakuna aliyemtuma. Waumini walikuwa wamehamia kanisa jipya kule barabarani. Hapa alibaki yeye, ufagio wake na popo wawili wasiosali.

Mumewe, Anyitike, alikuwa fundi wa mawe. Alilijenga kanisa hili pamoja na wenzake. Kwenye nguzo ya mlango alichonga dume la ng'ombe, lile alilotoa kwa mahari ya Ikupa. Anyitike alifariki mwaka 1951. Watoto walikuwa migodini, mbali. Ikupa hakuwa na picha ya mumewe. Alikuwa na dume hilo tu.

Sasa jiwe la mlango lilikuwa likimomonyoka. Kila siku alifagia unga wa kijivu. Basi akaomba saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa kanisa jipya, akasiliba nayo kuzunguka dume. Saruji siku hizo ilikuwa na heshima kuliko karani wa bwana shauri, mkuu wa wilaya. Lakini unga ulizidi, na pembe moja ya dume ikaanguka.

Sedekia, mzee wa kanisa, akaja kuangalia.

"Mama, ukuta huu utaua mtu. Masika yakipita na bado unamomonyoka, tutaubomoa."

Ikupa alilia. Mtu wa kulia naye hakuwapo.

Wiki hiyo akapita Joachim, kijana wa Iringa aliyefanya kazi na wapima miamba wa serikali. Aliomba maji ya kunywa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza."

Joachim alikunywa, akautazama mlango. Alimwagia jiwe maji kidogo. Jiwe likayanywa. Akamwagia saruji. Maji yakateremka.

"Umeona, mama? Jiwe hili zamani lilikuwa majivu ya mlima wa moto. Lina vitundu vingi. Linanyonya maji ya ardhini, halafu upepo unalikausha. Saruji imeziba njia. Maji yanatokea pembeni, yanabandua uso wa jiwe."

"Lakini tumeambiwa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba!"

"Methali haikutaja saruji, mama."

Ikupa hakucheka. "Kumbe pembe nimeivunja mimi."

"Ulitaka kulitunza. Ila kila jiwe lina tabia yake. Lijue kwanza, ndipo ulitibu."

Kesho yake Joachim alirudi na Sedekia. Walibandua saruji polepole kwa patasi ndogo, bila kuligusa dume. Walichimba mfereji wa kupeleka maji ya mvua mbali na ukuta. Nyufa waliziziba kwa chokaa ya Songwe iliyochanganywa na mchanga, maana chokaa hupitisha unyevu.

Sedekia akataka kuchonga pembe mpya.

"Acha," alisema Ikupa. "Huo si mkono wake."

Akamgeukia Joachim. "Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana." Joachim akaenda zake.

Masika yakaja, yakapita. Sedekia aliupapasa ukuta, akautazama mkono wake. Ulikuwa safi.

"Haubomolewi," alisema, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Ikupa aliinama mlangoni na ufagio wake. Hapakuwa na unga. Kumbe siku zote zile alikuwa akiifagia kazi ya mumewe, kidogo kidogo, na kuitupa nje.

Aliuegemeza ufagio ukutani. Akaketi kando ya dume la pembe moja.

"Anyitike," alisema, "leo sina cha kufagia. Tukae tu."