Mapigo Ndani ya Bomba la Rangi

Pampu ilikuwa imezimwa, lakini mshale ulikuwa unacheza.

Salwa, mwangalizi wa chumba cha rangi, alikigonga kioo cha mita kwa ukucha. Mita hiyo ya Doppler ililetwa na mwenye kiwanda mpya, mwaka uleule serikali ilipomuuzia kiwanda hiki cha blanketi. Bomba halikatwi; kidude kinabandikwa kwa nje, kinapeleka mlio ndani, mlio unagonga nyuzi na mapovu yanayopita, unarudi umebadilika, na badiliko hilo ndilo linaloonyesha kasi ya maji ya rangi. Maji yakisimama, mshale hulala kwenye sifuri.

Akavaa visikilizio. Tu-tu, tu-tu, tu-tu. Mbio mbio, kama moyo wa mtoto tumboni.

Miezi mitatu nyuma, mimba yake ikiwa ya miezi minane, mkunga alihamisha chombo chake cha kusikilizia tumboni pake mara sita, asisikie pigo hata moja.

Salwa hakumwambia mtu. Kila mchana wenzake walipokwenda kula, alizima pampu akakaa kusikiliza. Wiki ya pili chumba kilianza kunuka maziwa. Wiki ya tatu gauni lake lililowa kifuani, na mapigo yakaanza kumfuata hadi nyumbani kwake, mtaa wa Kwa Mrombo, yakitoka kwenye bomba la jikoni, yakitoka kwenye ndoo iliyofunikwa, yakienda mbio zaidi kila alipojaribu kuziba masikio, mpaka akawa hali, halali, amebaki mifupa.

Fanuel, fundi wa pampu, alimkuta amelikumbatia bomba.

"Dada Salwa, unafanya nini?"

"Shh. Utamshtua."

Fanuel alivaa visikilizio, akavivua upesi. "Hiki kitu kinapumua," alinong'ona.

Alikuwa Mlutheri, lakini alikwenda mwenyewe kumwita Sheikh Shamsudin. Sheikh alisimama mbele ya bomba akasoma Kurani hadi kanzu ikalowa jasho. Mshale ukazidi kuruka.

"Binti yangu, hilo lililomo ndani lina nguvu kwa sababu umelipokea. Likatae mwenyewe."

"Na kama ni yeye?"

"Mwanao tulimzika. Hili ni jini, linakumaliza."

Salwa aliweka kiganja kwenye bomba. Lilikuwa na joto la mwili.

"Wewe si mwanangu," alisema. "Ondoka."

Ndipo ndani ya bomba kikasikika kilio chembamba cha mtoto mchanga, kile alichokingoja miezi minane asikisikie, kikaenda kikififia kupita ukutani, kikaishia nje, upande wa mtoni.

Mshale ukalala.

"Limekwenda," Fanuel alisema.

Salwa aliketi sakafuni, kwenye maji ya rangi.

"Alikuwa analia," alisema. "Analia, na mimi nimemfukuza."