Rimu Zilizoliwa na Chumvi

Siku za kwenda hospitali, Odile Bolduc hakuuliza habari za baridi. Hakuuliza hata kama barabara imefunguliwa. Alivaa koti lake zito, akakaa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, akauliza swali moja tu.

"Upepo upo?"

Mumewe, Normand, alikuwa gereji, mlango wa pili. Aliinama kuangalia magurudumu ya pikapu. Tairi la mbele la kushoto lilikuwa limelala kabisa.

"Haupo!" alijibu. Kisha akaapa kwa altare, akaapa kwa kikombe cha misa, akamalizia kwa sanduku la ekaristi. Huku kwetu Beauce, nchi ya theluji na makanisa, mwanamume akikasirika huapa kwa vyombo vya kanisa. Si tabia nzuri, lakini ndiyo tuliyonayo.

"Waachie mapadri vyombo vyao," Odile alisema. "Jaza upepo twende."

Figo za Odile zilikuwa zimeacha kazi mwaka wa pili sasa. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mashine ya hospitali ilimchuja damu kwa saa nne. Hospitali iko mjini, kilomita hamsini. Zamu yake ilianza saa moja na nusu asubuhi. Akichelewa, dakika zilizopotea hazirudi, kwa sababu mgonjwa mwingine anasubiri mashine hiyohiyo. Zikipotea nyingi, miguu inavimba na pumzi zinakuwa fupi.

Wanaowahi huchagua kiti cha dirishani, penye jua. Odile siku hizi alikuwa anapata kile cha mlangoni, penye upepo wa baridi.

Normand alikuwa seremala mwenye mikono mizuri. Kitu kikiharibika, yeye hukitengeneza. Hili la tairi lilimshinda. Alilipeleka kwa fundi wa pancha. Fundi akalivua, akalipapasa ndani na nje, akasema hakuna msumari. Normand akabadilisha valvu. Tairi likalala. Akanunua tairi jipya. Likakaa siku kumi, nalo likalala. Sasa hata la nyuma la kulia lilianza.

"Labda kuna mtu anakuja kutoa upepo," alimwambia Odile.

"Nani aje kwenye baridi hii? Kwa faida gani?"

"Sijui. Mimi sielewi tena."

Na kweli hakuelewa, maana gari lile alilitunza kuliko majirani wote. Wengine waliacha magari yao nje usiku kucha yakiganda. Yeye aliliweka gereji, akawasha hita, ili Odile akipanda akute kiti cha moto. Tena lilikuwa na rimu za kromu, zile rimu za chuma zinazovaa tairi, zinazong'aa hadi unajiona uso. Alizinunua mwezi wa tano. Siku ile Odile alikuwa ametoka kwenye mashine, amechoka, amekaa barazani. Alizitazama akasema, "Zinapendeza." Normand alilihifadhi neno hilo moyoni.

Ndiyo maana majira ya baridi yalipoingia hakufanya kama watu wengine. Huku sheria inataka matairi ya theluji, na wengi tuna rimu za pili, nyeusi, mbaya, za kuyavalisha. Normand aliyavalisha kwenye kromu zake zilezile. Alitaka Odile aone mng'aro mwaka mzima.

Alhamisi mchana alikuwa nje mbele ya gereji, anasukuma pampu. Jirani yao Fernande alipita na koleo lake la theluji begani. Fernande aliendesha lori la kumwaga chumvi barabarani, ya kuyeyusha barafu, miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Mdomo wake haukustaafu.

"Normand! Hiyo ni gari au baiskeli? Kila nikipita unapampu."

"Niache, Fernande. Kesho nampeleka Odile, na nimechanganyikiwa. Tairi ni jipya. Valvu ni mpya. Msumari hakuna. Upepo unakwenda wapi?"

Fernande aliacha kucheka. Aliinama, akatazama ukingo wa rimu, pale inapokutana na tairi.

"Niletee maji ya sabuni na brashi."

"Ya kuoshea? Nimeosha jana."

"Lete, bwana."

Normand alileta. Fernande alipaka sabuni kuzunguka ukingo wote. Wakasubiri. Punde povu likaanza kutoka, vijipovu vidogo vidogo, vimejipanga kama shanga.

"Umeona? Tairi lako ni zima. Upepo unapita kati ya tairi na rimu."

"Rimu ni mpya!"

"Ilikuwa mpya." Fernande alikwangua ukingo kwa ukucha. Kipande cha kromu kikabanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake kulikuwa na kutu, imejaa vipelevipele. "Kromu ni ngozi nyembamba tu. Kijiwe kimoja kikiipasua, maji ya chumvi yanaingia chini yake. Huko hayakauki. Yanakula chuma taratibu, ngozi inainuka. Ukingo ukishakuwa na vipele, tairi halikai sawasawa. Utanunua matairi mpaka uzeeke."

"Lakini mimi nalitunza," Normand alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Haliguswi na barafu. Kila usiku liko kwenye joto."

"Unaliosha chumvi kabla ya kuliingiza kwenye joto?"

"Naliosha Jumatano, kama kuna nafasi."

Fernande alishika kiuno. "Basi ndiyo hapo. Chumvi ikiganda na baridi, imelala. Haili sana. Wewe unairudisha nyumbani, unaipasha moto, inayeyuka, inakula usiku kucha. Umeiandalia karamu, Normand!"

Normand alikaa juu ya ndoo. "Sasa ndiyo nimechanganyikiwa kabisa. Wanaoyatupa magari nje yanapona, mimi ninayelikumbatia linaoza?"

Odile alikuwa amefungua mlango wa jikoni, anasikiliza. Jikoni kwake hamkuwa na kopo la chumvi tangu figo ziugue. Normand alikunywa supu ya njegere isiyo na ladha miaka miwili bila kulalamika.

"Mzee wangu," Odile alisema, "mimi daktari kanikataza chumvi kwa sababu mwili wangu hauwezi kuitoa wenyewe. Na gari ndivyo lilivyo. Haliwezi kujiosha. Lazima sisi tulioshe."

"Huyu ndiye mwalimu," Fernande alisema. "Mimi nilikuwa dereva tu."

Mchana huohuo walikwenda watatu kwenye duka la matairi mjini. Fernande aliendesha gari lake. Muuzaji kijana aliwapanga mbele ya ukuta uliojaa rimu, akaanza kuimba: hizi kromu, bei ya leo tu, hizi alumini iliyosuguliwa, hizi alumini yenye rangi, hizi chuma cheusi. Normand aligeuza kichwa huku na huku. Zote zilikuwa duara, zote zilikuwa nzuri.

"Fernande, ipi hailiwi na chumvi?"

"Hakuna. Chumvi inakula zote. Unachagua ile unayoweza kuitibu." Alianza kuzigusa. "Kromu umeshaiona. Alumini iliyosuguliwa hii iko uchi, haina rangi juu. Majira ya baridi inaota unga mweupe, utaisugua kila wiki. Hii ya alumini yenye rangi nene, ile ya unga iliyookwa kwenye tanuri, ni nzuri na ni nyepesi. Ila rangi ikichubuka, iwahi. Chumvi ikiingia chini ya rangi inatembea kama mnyoo."

"Na chuma cheusi?"

"Kitapata kutu kikichubuka. Sikudanganyi. Lakini kutu yake unaiona. Unaisugua kwa brashi ya waya, unapaka rangi, umemaliza. Ukigonga shimo kikapinda, mara nyingi fundi anakinyoosha. Lori langu la chumvi lilivaa chuma miaka yote."

Normand alizitazama zile nyeusi. Zilikuwa mbaya kweli. Alisogea karibu na Fernande, akanong'ona, "Lakini Odile anapenda zinazong'aa."

Odile ana figo mbovu, masikio yake ni mazima.

"Mimi? Nani kasema?"

"Wewe. Mwezi wa tano. Ulisema zinapendeza."

"Normand Bolduc! Ulikuwa unanitazama kama mtoto anayesubiri pipi. Ningesema nini?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nikiwa ndani ya gari, rimu nazionea wapi? Mimi nataka kuuona mlango wa hospitali kabla ya saa moja na nusu."

Normand alizitazama tena zile kromu ukutani. Uso wake ulikuwa mwekundu. Miezi yote ile alikuwa anapigania kitu ambacho hakuna aliyekitaka.

"Nyeusi," alimwambia muuzaji. "Nne."

"Ngoja kwanza," Fernande alisema. "Uliza kama zinaingia." Akamfundisha. Rimu lazima iwe na kipimo cha gari lile, matundu ya nati yalingane, isiguse breki. Uzito inaoweza kubeba uwe unalitosha gari lile. Nati ziwe za rimu hiyo, si za ile ya zamani. Muuzaji alisoma kitabu cha pikapu ambacho Normand alikuja nacho, akasema zote zinakubali. Safari hii alisema bila kuimba.

Jioni kabla ya chakula fundi wa duka alikuja na rimu zikiwa zimeshavishwa matairi mapya ya theluji. Alisugua kutu pale rimu inapoegemea gari, akazifunga. "Ukitembea kilomita mia, kaza nati tena," alisema. "Usisahau. Rimu mpya hulegea kidogo."

Asubuhi iliyofuata Odile alikaa kwenye kiti chake.

"Upepo upo?"

"Upo," Normand alijibu, lakini kwa woga. Aliligusa kila tairi mara mbili. Walipokwenda na kurudi kilomita mia zilitimia, akakaza nati palepale uani. Zilizunguka kidogo kweli.

Akaanza utaratibu mpya. Wakirudi kutoka hospitali, Odile aliingia ndani kulala, naye aliosha magurudumu mbele na nyuma, kwa maji mengi na sabuni ya kawaida, si ile dawa kali ya kung'arisha. Upande wa ndani wa rimu ndio unaoficha chumvi nyingi. Akishamaliza aliyaacha yakauke, na hita aliipunguza. Kiti cha Odile alikipasha kwa kuwasha gari mapema, mlango wa gereji ukiwa wazi moshi utoke.

Zile rimu za kromu tatu zilikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ya nne aliipigilia ukutani gereji, akaizungushia mpira wa maji wa kuoshea gari. Fernande alipoiona alisema hatimaye rimu hiyo imepata kazi inayoiweza.

Mwezi wa pili ulikuja na baridi ya kutoa machozi. Lori la chumvi lilipita mara tatu kwa siku. Jumatatu moja Normand alisimama gereji, mkono juu ya tairi, anasubiri swali. Jibu alikuwa nalo mdomoni. Swali halikuja.

Alikwenda jikoni. Odile alikuwa amesimama, anatafuta glavu.

"Leo hujauliza," Normand alisema.

"Kuuliza nini?"

Normand alimtazama. Hakuwa anatania. Alikuwa amesahau.

"Hamna kitu," Normand alisema, na macho yakamlowa.

"Basi twende, mzee wangu. Tukichelewa watachukua kiti changu cha dirishani."